Kwa Ali Dente

Kila mgeni anayeingia kwetu kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile. Husoma kibao cha mlangoni, huvuta kiti, hutazama huku na huku, kisha huniuliza, "Ali mwenyewe yupo?" Nami hujibu kama alivyokuwa akijibu marehemu Mama, na kabla yake Bibi: "Yupo jikoni, anatafuna." Mgeni hucheka bila kujua anacheka nini, nami humwekea mkate na mafuta ya zeituni nikaenda zangu.

Ali hayupo. Hajapata kuwapo. Alizaliwa ndani ya sikio la babu yangu.

Babu alikuwa mpishi wa familia ya Kitaliano, bwana mmoja mjenzi wa madaraja pamoja na mama yake, bibi mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha Babu kukanda unga wa tambi, kuichemsha sosi ya nyanya kwa moto wa kubembeleza, na kutia majani ya mrihani mwishoni, si mwanzoni. Na kila siku tambi zikiwa motoni, alisimama mlango wa jikoni akapaza sauti, "Al dente! Al dente!" Babu akajua anaitwa mtu. Ali Dente, mtunza bustani labda, tena mvivu wa kutupwa, maana anaitwa kila siku na haonekani. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akamwambia, "Mama, huyu Ali tumsamehe tu. Haji huyu."

Yule bibi alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi alichota tambi moja sufuriani, akamtia Babu mdomoni, kisha akamgonga jino kwa ukucha: *dente*. Jino. Maana yake tambi ikiiva sawasawa lazima ibakize ubishi kidogo chini ya jino. Ikikosa ubishi, huo ni uji.

Babu alielewa, lakini alikuwa amekwisha kumpenda Ali. Wenyewe waliporudi kwao wakamwachia sufuria kubwa na meza ya marumaru, alikodi chumba hiki, akaandika mlangoni KWA ALI DENTE. Miaka ya baadaye Mtaliano mmoja mpita njia aliingia, akasoma kibao, akajaribu kumweleza kwamba lile si jina la mtu. Babu alimsikiliza kwa adabu zote. Alipoondoka akasema, "Maskini, hamjui Ali."

Basi sisi tumekulia katika lugha ya Ali. Jikoni kwetu hakuna saa, kwa sababu Babu alisema saa haina meno. Tambi zikiingia kwenye maji, mtu mmoja tu ndiye mwenye haki ya kuzionja. Huchota moja, huitafuna akitazama dari, kisha hutoa hukumu. *Bado.* Au *yuko njiani.* Au *kaja*, na hapo wote tunaruka, huyu kashika chujio, huyu sahani, kwa sababu Ali hana tabia ya kukaa. Akisema *kapita*, sufuria nzima haitoki nje ya jikoni. Tunaila wenyewe, kimya kimya, kama watu waliofumaniwa.

Baada ya Babu, mwenye haki ya kutafuna akawa Baba. Wateja walimwita Mzee Ali, naye akaitika mpaka nadhani alisahau jina alilopewa na wazazi wake. Na tambi zilizopita hakuzigusa maishani mwake. Sisi wengine tulipokuwa tukizila, yeye alikula mkate mkavu. Hata alipougua homa, Mama akampikia tambi laini kama za mtoto, aligeukia ukutani akasema heri njaa.

Tulikuwa watatu. Baba kwenye sufuria. Shangazi, mdogo wake, kwenye meza ya marumaru, mikono imejaa unga tangu asubuhi, akisukuma, akikata, akianika tambi kwenye fito kama nguo za wanasesere. Na mimi ukumbini. Nilirithi ukumbi kwa Mama, pamoja na ule ukali wake. Wateja wananiita Pilipili, wengine wakidhani sijui. Ukumbi wenyewe si mkubwa. Vitambaa vya meza vya miraba myekundu na myeupe, kiti kimoja kinachochechemea ambacho fundi ameshindwa nacho, picha iliyofifia ya Babu na yule bibi wa Kitaliano, na ukutani maneno ya Mama kwa rangi ya kijani: HAPA TUNAMSUBIRI ALI. Mteja mwenye haraka husoma, akanuna, akaagiza. Wahenga wamesema ngojangoja huumiza matumbo, lakini hawakuwahi kupewa mkate wa moto na mafuta ya zeituni wakati wa kungoja.

Kati ya ukumbi na jikoni kuna kidirisha. Kwa kidirisha hicho nimemwona Baba akitafuna maisha yangu yote.

Sasa, meno. Meno ya Baba yalianza kumhama moja moja, kama wapangaji katika nyumba inayovuja. Yalipobaki machache yasiyosalimiana, daktari wa meno aliyang'oa yote akampa mapya, juu na chini. Baba alirudi nyumbani amepungua umri, anacheka hata pasipo na cha kuchekesha.

"Kaka," Shangazi akamwambia, "hayo ni meno au vigae vya bafuni?"

"Wivu tu, mdogo wangu."

"Wivu wa nini? Jino la pembe si dawa ya pengo."

Alisema kwa utani. Ni methali ya kawaida, kila mtu anayo. Lakini baada ya siku chache niliikumbuka, maana sahani zilianza kusema.

Watu wa ukumbini wanajua ninachosema. Mteja atakuambia chakula kitamu huku anatafuta mkoba wake. Sahani haina adabu hiyo. Sahani za kwetu zilikuwa zinarudi zimepanguswa kwa mkate, huoni hata alama ya sosi. Sasa zikaanza kurudi na fundo la tambi pembeni. Leo ngumu kama kamba, kesho zimelegea kama zimekata tamaa. Niliwauliza wateja, wakasema wameshiba. Wateja wetu wa zamani, wanaoshiba kwa nusu sahani! Nilirudi kidirishani nikamtazama Baba. Anachota, anatafuna, anatazama dari. Kila kitu kama zamani. Ila alikuwa anatafuna muda mrefu zaidi, na macho yake darini yalikuwa yanatafuta kitu.

Aliyevunja ukimya ni Mama Jaji. Huyu ni hakimu mstaafu, mama mtu mzima, anayekula kwetu tangu alipokuwa karani wa mahakama, meza ile ile ya dirishani. Alionja mara moja, akaweka uma chini taratibu, akanipungia.

"Binti, Ali kasafiri?"

Katika maisha ya mgahawa wetu hakuna aliyewahi kurudisha sahani ya tambi. Aliirudisha yeye, kwa upole, akaomba mkate tu. Niliipeleka jikoni nikaiweka mbele ya Baba.

"Ya Mama Jaji. Anasema Ali hayupo."

Baba alichota tambi moja, akatafuna, akatafuna tena. Zilikuwa zimelegea kiasi kwamba zilikatika kwenye uma. Nilitazama mdomo wake kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Mbona kaja huyu," akasema. "Mama Jaji naye kazeeka."

Shangazi hakuinua macho kwenye unga wake.

Jioni ile, Baba alipokwenda msikitini, mimi na Shangazi tuligombana kwa minong'ono. Nilitaka yeye amwambie. Nani atamfunga paka kengele kama si mtu aliyezaliwa tumbo moja naye?

"Mimi simvui nguo kaka yangu," Shangazi akasema. "Wewe ndiye mwanawe."

"Ndiyo maana siwezi. Nimwambieje? Baba, ondoka kwenye sufuria?"

"Si umeitwa Pilipili wewe."

"Kwa wateja, Shangazi. Siyo kwake."

Na huo ndio ulikuwa ukweli. Mimi Mungu kaninyima subira, nawasha kwa jambo dogo, nimewahi kumfukuza mtu mzima kwa kutia sukari kwenye sosi. Lakini hili lilinitoa jasho. Baba hakuwa na shamba, wala klabu, wala marafiki wa kucheza nao bao. Alikuwa na sufuria. Watu wanapovuka barabara kumsalimia, wanamsalimia Mzee Ali. Nikimwambia jino lake halisikii tena, nimemwachia nini cha kuitwa? Na nisipomwambia, ukumbi wa Mama unakufa sahani kwa sahani, mbele ya macho yangu. Nilikuwa namwonea huruma mpaka namkasirikia.

"Basi niachie mimi," Shangazi akasema mwishoni.

Sikujua alichofanya. Niliona tu kwamba sahani zilianza kurudi safi. Mama Jaji alikula akamaliza, akapangusa kwa mkate, akaniambia, "Karudi salama." Nikadhani Baba ameyazoea meno mapya. Nilifurahi, nikawa hata nacheka vichekesho vya wateja visivyochekesha.

Ilinichukua muda kusikia kikohozi.

Shangazi alikuwa anapita kuchota maji nyuma ya Baba, anachomoa tambi moja sufuriani kwa vidole, moto na yote, anaitafuna akirudi kwenye marumaru. Ikiwa bado, kimya. Ikiwa tayari, anakohoa. Kikohozi kimoja kikavu, cha adabu, kama mtu anayebisha hodi. Na Baba, akiwa anatazama dari, baada ya pumzi moja anasema, "Kaja!"

Nilimfuata Shangazi nyuma ya friji. "Ulimwambia?"

"Sijamwambia kitu. Mimi nakohoa tu."

"Naye anajua?"

"Anajuaje? Mtu kukohoa ni kosa?"

Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Juu ya kikohozi cha kusingizia hawakuacha maelekezo. Tukaendelea hivyo msimu mzima, Shangazi akikohoa, Baba akihukumu, mimi nikibeba, na kila mmoja akijiona mjanja. Sikuwa na amani nayo. Lakini sahani zilikuwa safi, na Baba alikuwa Baba, nikajiambia mambo mengine yaachwe yalivyo.

Kisha Mama Jaji akaleta ndugu zake.

Walikuwa wametoka mbali, hawajaonana miaka. Alikuja siku moja kabla kuniomba meza tatu ziunganishwe. "Nimewasifia Ali tangu ujana wetu," akaniambia. "Wanadhani nawadanganya. Usiniangushe, binti." Nikamwahidi kwa mdomo mpana. Asubuhi nilipiga pasi vitambaa vyote vya meza, nikakiweka kile kiti kinachochechemea stoo ili kisije kutuaibisha.

Shangazi akaingia kazini na mtandio shingoni, pua nyekundu, macho yanachuruzika. Mafua ya kweli kabisa.

"Nenda ukalale," nikamwambia.

"Nikalale, akohoe nani?"

Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka wote wawili, wala haikutupitikia hata kidogo akilini kwamba mtu mwenye mafua hachagui wakati wa kukohoa.

Mchana wakaja. Ndugu wa Mama Jaji walikuwa watu wa sauti kubwa na vicheko, wakaijaza meza, wakamega mkate, wakachovya kwenye mafuta, wakasoma maneno ya ukutani kwa pamoja kama darasa la kwanza. Kaka yao mkubwa, mzee mnene mwenye suspenda, akanishika mkono. "Haya, huyo Ali yupo?"

"Yupo jikoni, anatafuna."

Nikageuka kidirishani. Baba alikuwa ndiyo kwanza amemwaga tambi kwenye maji. Maji yalikuwa hata hayajarudi kuchemka. Na hapo Shangazi, mbali kabisa na sufuria, akashikwa na kikohozi.

Baba akachota tambi moja. Akaitia mdomoni, akatazama dari.

"Kaja!" akasema, akanyanyua sufuria.

"Baba!" nikapiga kelele, lakini alikuwa amekwisha kumimina. Tambi zilianguka kwenye chujio zikigongana kama njiti. Shangazi alikuwa anapunga mikono yote miwili, unga unaruka, anakohoa, anajaribu kusema, anakohoa tena.

"Siyo hicho, kaka!" ikamtoka. "Hiki cha kweli!"

Mvuke ulipanda ukatoweka. Baba alilitazama chujio, akamtazama dada yake, kisha akanitazama mimi nikiwa nimeingiza kichwa kidirishani kama kuku.

"Ungenionya basi, mdogo wangu," akasema polepole. "Mimi ningejuaje?"

Kwa hiyo alikuwa anajua. Siku zote zile tulizodhani tunamsitiri, na yeye alikuwa anatusitiri sisi, tusijue kwamba anajua. Mficha maradhi, kilio humfichua, wanasema. Sisi tulifichuliwa na mafua.

Niliingia jikoni. Baba alivuta kigoda cha Shangazi akakaa, akatoa meno juu na chini, akayafunga kwenye kitambaa cha kupangusia sahani. Uso wake ukashuka. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo mchana, kwenye mwanga. Alionekana mzee, na mdogo wa umbo.

"Haya si meno," akasema, maneno yakimteleza. "Tangu niyavae natafuna giza. Nikitafuna tambi, nikitafuna kamba ya viatu, yote mamoja. Usiku nalala nafikiri, kesho Shangazi yako akipona koo nitafanyaje." Alijaribu kucheka, hakufika mbali. "Mtu wa sufuria asiyeijua sufuria, huyo ni nani, mama? Niambie."

Baba akiniita mama, najua ameumia. Nilimshika bega. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kumgombeza.

"Mbona hukutuambia?" nikauliza.

"Mbona nyinyi hamkuniambia?"

Shangazi akakohoa. Hakuna aliyejua hicho ni cha aina gani.

Ukumbini yule mzee wa suspenda akaita, kwa furaha tu, hana habari, "Jamani, Ali yupo au tumpelekee gari?" Wenzake wakacheka. Nilimsikia Mama Jaji akimnyamazisha. Ilikuwa zamu yangu kujibu, na jibu ni la urithi, lakini halikunitoka. Yupo wapi?

Baba alinyanyuka. Alizisukuma zile tambi mbichi pembeni, akajaza maji sufuriani, akatia chumvi, akakoleza moto. Yote hayo aliyafanya vizuri, kama siku zote. Kisha akaushika ule uma mrefu wa Babu, mpini wake umelika kwa vidole vya watu wawili, akanipa.

"Mimi ni wa ukumbini," nikasema.

"Una meno?"

"Shangazi ndiye anayejua. Msimu mzima..."

"Mimi leo sisikii hata chumvi," Shangazi akasema. "Na magego yangu yanahesabika. Shika huo uma, usitie watu njaa."

Nikaushika. Maji yalichemka, tambi zikaingia, zikazama, zikainuka. Baba alisimama kando yangu, mikono nyuma, kama mwalimu wakati wa mtihani. Nilichota moja nikaipuliza.

"Usinitazame mimi," akasema. "Tazama dari."

Nikatazama dari. Kuna doa pale la mvuke wa miaka, la umbo la kiatu. Ndilo walilolitazama Babu na Baba. Nikatafuna.

"Bado," nikasema. Hilo lilikuwa rahisi.

Ya pili. "Bado."

Ya tatu nikaitafuna taratibu. Nje ilikuwa imelegea, imekubali. Ndani kulikuwa na kitu.

"Unasikia nini?" Baba akaniuliza. Aliuliza kwa uchu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani kwao.

"Katikati kuna kinachokataa."

"Kinakataa vipi?"

Nilifikiri. "Kama mtu anayesema sitoki, huku amekwisha kuvaa viatu."

Baba alifumba macho. Niliona taya lake likitafuna, halina kitu. "Ndiye," akanong'ona. "Ndiye huyo huyo. Haya, useme."

"Sema wewe."

"Mimi simwoni. Useme wewe, upesi, asije akapita."

Nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na ukumbini vicheko vilikatika.

"Kaja!"

Tukaruka wote watatu. Shangazi alishika chujio, mimi sufuria, sosi ikaingia, mrihani mwishoni, jibini juu. Nilipogeuka kutafuta wa kubeba, nikakumbuka kwamba mbebaji ni mimi, na mimi nina uma mkononi na sufuria ya pili iko njiani. Baba alikuwa amekwisha kuvua aproni. Alifungua kitambaa, akayatazama yale meno, akayafunga tena akayatia mfukoni. Akachukua sahani mbili, akatoka.

Nilimwangalia kwa kidirisha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi ninayeangalia kutoka upande huu. Alitembea kwa uangalifu, akaziweka sahani, akarudi kuchukua nyingine, mpaka meza nzima ikawa na chakula. Mama Jaji alimwona mdomo, akaelewa, akainama kwenye sahani yake. Alionja. Akafunga macho kidogo, kisha akaendelea kula wala hakusema kitu, na kwa Mama Jaji hiyo ndiyo hukumu.

Yule mzee wa suspenda alimtazama Baba kwa heshima. "Bila shaka wewe ndiye Ali."

Baba amejibu swali hilo tangu sijazaliwa. "Ndiye mimi," husema, na hupeana mkono. Nilimwona akifungua mdomo, akasita. Mkono wake ulikuwa juu ya ule mfuko wenye meno.

"Mimi ni baba yake," akasema. "Ali yupo jikoni, anatafuna."

Meza nzima ikageuka kidirishani kunitazama. Mwanamke mzima, nywele zimelowa mvuke, tambi inaning'inia mdomoni. Wakapiga makofi. Niliimeza ile tambi bila kuitafuna, nikageukia jiko, nikajifanya nina kazi.

Wageni waliondoka alasiri, Mama Jaji wa mwisho. Alinishika mkono kupitia kidirisha, akaenda zake. Sahani zao zilikuwa safi kama zimetoka kuoshwa. Shangazi tulimlaza juu ya magunia ya unga, akakoroma hapo hapo. Nilianza kusafisha jiko, ndipo niliposikia kiti kinavutwa ukumbini.

Baba alikuwa amekaa. Si kwamba amekaa kupumzika. Amekaa kwenye meza ya mlangoni, amejifunga kitambaa shingoni, mikono juu ya meza, kama mteja. Sikumbuki kama aliwahi kula ukumbini. Alikuwa anasoma maneno ya Mama ukutani.

"Unataka nini, Baba?"

"Kuna mkate?"

"Upo."

"Aa, mkate haupiti huku." Aliusugua ufizi kwa kidole. Akatazama kitambaa cha meza, mraba mwekundu, mraba mweupe. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu cha kawaida kabisa:

"Nipikie tambi. Ila za kwangu, mama, mwache Ali apite."

Nikarudi kwenye sufuria. Nilizitia tambi kwenye maji, nikazikoroga, nikatafuna. Bado. Yuko njiani. Nikatafuna tena, nikamsikia akifika, yule yule, na viatu vyake, na mkono wangu ukaruka wenyewe kwenye mpini wa sufuria. Nikauondoa. Nilisimama pale nikamwacha apite, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya katika jiko lile, nikitazama doa la darini mpaka likanipotea machoni.

"Kapita!" nikaita.

"Mlete hivyo hivyo," Baba akajibu kutoka ukumbini. "Nipo, namsubiri."